Kifuniko cha Jumatano

Kisanduku cha dawa cha mama mkwe kina vyumba saba,
na chumba cha Jumatano hakina mlango.
Bawaba ilikatika, kifuniko kikapotelea chini ya kabati
au tumboni mwa mbuzi wa jirani, Mungu ndiye ajuaye.
Na hapa Ibra Jumatano ndiyo siku yake Bi Zuwena,
siku ya soko la wanawake, asubuhi, jua halijawa kali.
Vidonge vya presha vinamwagikia mkobani
vinakutana na iliki, baisa za chenji, na vipande vya udi wa kuonja.

Maskati kisanduku kipya ni riyali mbili na nusu.
Nilimwambia Mselem. Hakunisikia.
Miaka ishirini na sita alichomelea mabomba ya mafuta Marmul,
sasa kastaafu, na fundi aliyestaafu
hanunui kwa riyali mbili
kitu anachoweza kukiunda kwa arubaini.

Alianza na oveni yangu.
Niliikuta imelazwa chali, matumbo nje,
koili zake zimeviringishwa kwenye kipande cha bomba
shibri moja na nusu, chuma kizito.
Ndani ya bomba, ufito unaoteleza bila kubana.
Juu, wenzo: mpini wa jeki ya Landkruza.
Chini, tundu dogo, la kupita sindano ya godoro.
Kalibu akaichonga kwa tupa, alumini, nusu mbili zinazokutana,
wiki tatu,
tupa ikinyamaza kwa adhana tu.

Watoto wakaleta vizibo vya chupa za laban,
nikavisaga kwenye blenda.
Blenda yangu pia. Nalisema hili ili lijulikane.

Julai, mlango wa gereji wazi, digrii arubaini na saba.
"Hizi za bure," akasema, jicho kwenye kipimajoto.
"Mia moja na sitini zilizobaki tutanunua umeme."

Cha kwanza kilitoka kama jino bovu.
Cha pili nusu kifuniko, nusu hewa.
Cha tatu kimejaa mapovu: niliviosha vizibo, sikuvianika vikakauka.
Cha nne kiling'ang'ania kalibu
hadi kikang'olewa kwa bisibisi na maneno
ambayo Bi Zuwena alijifanya hakuyasikia.

"Uzito hautoshi," akasema Mselem,
mwembamba kama waya wake.
Akanitazama. Nikamtazama.
Katika nyumba hii mzito ni mimi.

Basi nikaufunga mtandio kiunoni, nikaning'inia.
Mwanzo wenzo ulikataa,
halafu, polepole, ukakubali,
na mikononi nikaisikia plastiki ikitembea,
nzito, kama uji unaotafuta mdomo wa mtoto.
"Usiachie! Hesabu mpaka ishirini."
Tulihesabu pamoja. Sikumbuki
lini mara ya mwisho tulihesabu kitu pamoja
ambacho si deni.

Akafungua kalibu. Kikadondoka chenyewe,
buluu yenye mishipa myeupe, moto bado.
Tukakipachika: ta!
Kikafunga kama hakijawahi kukosekana.

Ila neno lilikuwa limegeuka.
Fundi mzima alilichonga kwenye kalibu lisomeke sawasawa,
kwa hiyo kwenye kifuniko Jumatano inasomeka kwa kioo.
Mselem akashika kichwa, akaitafuta tupa.
Bi Zuwena akapitisha kidole juu ya herufi, mara mbili.
"Kiache. Vidonge viko ndani,
navyo vinasoma kutoka huko."

Jumatano ile alikwenda sokoni, akarudi mchana
na dawa zake salama, na oda tatu:
Bi Ghaniya, kitufe cha mfuniko wa birika.
Shamsa muuza buibui, gurudumu la cherehani.
Wa tatu hakumjua jina, anataka mguu wa kiti.

Mimi mkate naoka kwa jirani.
Nimemuuliza Mselem oveni itarudi lini.
Anasaga vizibo vyekundu,
anauliza kama nimeshakula,
kama nimeshiba vizuri.